Mita Sita za Hariri Nyeupe

Jumatatu, 3 Machi
Dada yangu anaolewa Jumamosi. Gauni nashona mimi, fundi wa familia. Hariri nyeupe, mita sita. Nimeikunjua mezani. Kitu kizuri namna hii, nani ana ubavu wa kukitia mkasi? Nimeikunja tena. Nimenoa mkasi. Nimetia cherehani mafuta. Nimepanga vifungo kwa rangi. Nimechoka sana.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata mbinu: kumpima dada upya. Fundi makini hapimi mara moja. Hii ni ya nne. Kiuno kimepungua inchi mbili tangu wiki iliyopita! Anasema chakula hakipiti, wasiwasi umemjaa kwa sababu yangu. Nimemweleza kitaalamu kwamba siwezi kukata mpaka kiuno kitulie. Ameondoka bila kuaga.

Jumatano, 5 Machi
Mama Mkasi, fundi wa mlango wa pili, amekata suti tatu kabla ya saa nne asubuhi. Lazima ana dawa. Nimekwenda kupeleleza. Nimeazima sindano, nikarudi kuazima uzi, nikarudi kuazima chaki. Safari ya tatu ameuliza kama duka langu limeungua. Dawa sijaiona.

Alhamisi, 6 Machi
Nimewahi asubuhi, nikachungulia dirishani kwake. Mpaka sasa nashangaa. Mama Mkasi alisimama mbele ya kitambaa, mikono ikimtetemeka. Yeye! Akavuta pumzi, akakata hivyo hivyo. Baada ya inchi chache mikono ikatulia, mkasi ukaenda wenyewe. Nilisahau kwamba nimejificha.
Aliponiona hakufoka. Alisema miaka ishirini woga haujamwacha hata siku moja, ila yeye hangoji uishe. Kisha akanirudisha dukani kwangu, akanipa mkasi, akasimama mlangoni akasema hatoki. Nikakata. Hariri ikaachia taratibu, mstari ukanyooka mbele yangu. Machozi yalinitoka, sifichi.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeshona siku mbili mfululizo. Dada alipoingia watu wote walisimama. Kiuno kimemkaa sawasawa. Nami nikasimama, mdomo wazi, nikasahau kabisa kwamba lile gauni limetoka mikononi mwangu. Dada alinibana vidole akasema leo amekula.

Jumatatu, 10 Machi
Mwalimu mkuu ameleta kitambaa cha majoho ya kwaya. Anayataka Ijumaa. Nimemhakikishia kwamba mimi sasa ni mtu mwingine.
Maneno ya Mama Mkasi hayafai kupotea, kwa hiyo nimetafuta ubao nikayaandika: USINGOJE WOGA UISHE. KATA. Herufi nimezipima kwa rula, nikazipaka rangi mara mbili. Kazi ya siku nzima, lakini ukiutazama ubao ule mwili unasisimka. Mama Mkasi amekuja kuuona, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nadhani ameguswa.
Kitambaa cha kwaya bado kimo kwenye mfuko wake. Nangoja rangi ikauke.