Maswali ya Papo kwa Hapo

Jumatatu, 4 Machi
Semina ya mbinu za kufundishia imeanza. Wakufunzi wote wa sayansi tumejazwa kwenye maabara ya kemia. Mwezeshaji, binti anayelingana umri na koti langu, anasema mwalimu aongee kidogo, wanafunzi waulize, wagundue wenyewe. Wagundue nini? Fizikia ilishagunduliwa! Iko yote kwenye daftari langu. Miaka ishirini na miwili nasoma, wao wanaandika. Kisha mkuu wa chuo akatangaza: Ijumaa kila mmoja atafundisha somo la mfano, na atakayefanya vizuri zaidi ndiye mkuu wa idara. Cheo hicho nakisubiri tangu nina nywele.

Jumanne, 5 Machi
Mama Biolojia kaleta chura kwenye ndoo. Wanafunzi wake wanamzunguka, wanabishana. Kujipendekeza tu! Nikawauliza wangu kama wana maswali. Wakashika kalamu. Mmoja akataka kujua kama na hilo waandike.

Jumatano, 6 Machi
Nimepata dawa. Nimewasomea maswali kumi ya papo kwa hapo, wayanakili na kuyakariri. Mke wangu anasema huo ni udanganyifu. Nikamwambia ni maandalizi ya somo. Akauliza mbona basi nanong'ona.

Ijumaa, 8 Machi
Aibu gani hii! Nimening'iniza jiwe kwa uzi, nikalisukuma, nikanyamaza kama tulivyofunzwa. Kiranja akasimama.

"Swali la kwanza, uliza kwa mshangao, tazama juu kama unayewaza, mbona jiwe linarudi?"

La pili likaja na kikohozi changu cha Jumatano, pamoja na "fungeni dirisha hilo, vumbi linaingia". Mkuu wa chuo akainama kufunga kamba za viatu. Havina kamba. Mara uzi ukakatika, jiwe likaangukia pembeni. Binti mmoja wa nyuma akauliza mbona halikushuka wima.

Nikamwambia, "Kaa chini, hilo halimo."

Mwezeshaji akafunga kalamu yake.

Jumamosi, 9 Machi
Mama Biolojia ndiye mkuu wa idara. Nimeumia, sifichi. Mwezeshaji aliniita kando, akaniambia kwa upole, "Mwalimu, swali la yule binti ndilo tulilolingoja wiki nzima."

Nimemwelewa vizuri sana. Kosa ni langu, swali lile lilipaswa kuwemo. Nimeketi tangu asubuhi, nimefika swali la themanini na nne. Jumatatu naanza kuwasomea, na safari hii nitakwenda kukohoa nje.