Nani Atasikika Kwanza na Mke Wangu

Jumatatu, 4 Machi
Kesho mke wangu anawashiwa sikio. Tangu ugonjwa ulipomziba masikio hasikii hata radi. Sasa wamempandikiza kifaa chini ya ngozi nyuma ya sikio, kina waya mwembamba kama uzi unaoingia ndani kabisa na kuushtua mshipa wa fahamu kwa umeme mdogo. Daktari alinieleza taratibu. Mimi, fundi wa redio, bingwa wa mtaa mzima, nikamwomba arudie mara tatu. Haijawahi kutokea.

Sauti ya kwanza lazima iwe yangu. Kikwazo ni shemeji, kaka yake, mshereheshaji wa harusi mwenye sauti nzito kama ngoma. Anadai damu ni damu. Nimemwambia miadi ni alasiri. Ni asubuhi.

Jumanne, 5 Machi
Nimemkuta shemeji mlangoni, kavaa suti. Kumbe alimpigia nesi. Akaniuliza kama saa yangu ndiyo imekufa au ni mimi niliyeoza. Tukasukumana mpaka mtaalamu wa kifaa akatuketisha kama watoto.

Akabandika kidude cha nje, kikanasa kichwani kwa sumaku. Akabonyeza kompyuta. Mke wangu akashtuka, akashika kifua. Machozi. Wa kwanza kusikika: kompyuta, pii. Tumeshindwa wote wawili na mashine.

Hotuba niliyoikariri iliyeyuka. Nikaita jina lake tu. Akacheka, akasema nasikika kama mbu ndani ya kopo. Shemeji akajaribu: mbu yuleyule. Mtaalamu kasema ubongo utajifunza polepole.

Alhamisi, 7 Machi
Polepole ni ya wasio na ufundi. Nimemketisha karibu na spika kubwa niliyoifungua, aizoee sauti yangu. Akainama. Kidude kikaruka kutoka kichwani, kikanata kwenye sumaku ya spika. Akabaki ananitazama, kimya kimemrudia. Nilipokirudisha, akauliza nini kinagonga hivyo. Meno yangu.

Jumapili, 10 Machi
Jikoni, mke wangu ametugeuzia mgongo, mimi na shemeji tunabishana. Bila kugeuka akasema: mume wangu, mwache kaka. Amenijua kwa sauti! Nikatoka nje kufuta macho. Shemeji akanifuata kwa shughuli hiyohiyo.

Basi nimechora kibao: FUNDI WA REDIO, SPIKA NA MASIKIO. Nikapanda ngazi kimyakimya nikipigilie juu ya mlango. Kabla nyundo haijagusa msumari, amri ikatoka ndani: nishuke. Kasikia ngazi ikilia. Maajabu haya.

Si kitu. Akilala huvua kidude. Nitagongelea kibao saa hizo.