Spika za Marehemu

Mjinga wa siku hiyo alikuwa Dokta. Tuyaseme mapema, maana mwenyewe hadi leo husimulia kisa hiki kana kwamba alikuwa shahidi tu.

Udaktari wake ulikuwa wa spika kuukuu. Alijua kuzisoma tarakimu zilizogongwa ukingoni: za mwanzo kiwanda, inayofuata mwaka, mbili za mwisho wiki spika ilipotengenezwa. Kwa elimu hiyo alikuwa amewafariji wajane wengi, akiwaambia spika zao za asili ni za juzijuzi, kisha akiwaondolea mzigo huo bila malipo.

Basi akasikia sokoni kwamba mjane mmoja ana amplifaya ya gitaa ya marehemu mumewe, na anatafuta mtaalamu wa kumwambia kama spika zake ndizo ilizotoka nazo kiwandani. Kuuza hauzi. Dokta alitembea haraka kuliko heshima ya taaluma yake inavyoruhusu.

Mjane alikuwa na miwani minene na "karibu mwanangu" nyingi. Dokta akafungua mgongo wa kasha, akamulika tochi. Vumbi lipo. Karatasi za spika zimegeuka kahawia, skrubu zina kutu. Kiwanda, sawa. Mwaka, sawasawa na wa kasha. Moyo ukamruka, naye akaishia hapo. Moyo ukisharuka, macho hayana subira ya kusoma.

"Pole, Mama," akasema kwa huzuni ya kukodi. "Hizi zilishabadilishwa. Ila nitazisafisha, kwa heshima ya marehemu."

Akaomba maji ya kunywa. Mama akaenda kuyaleta, akakawia kama aliyeanza kwa kuchimba kisima. Huku nyuma Dokta akachomoa zile kuukuu, akafunga mbili zake alizokuja nazo mkobani. Zilikuwa nzima, karibu mpya, ndizo alizokodisha kwenye sherehe na ndizo zilizomlisha. Hakuwa na budi, amplifaya bubu ingemuumbua. Jumamosi alikuwa na harusi ya watu, na malipo ya awali alishayala. Lakini faida ya leo ingenunua spika nyingine, na chenji ikabaki.

Kutoka hapo akazipeleka moja kwa moja kwa mnunuzi wake, mkusanyaji wa vitu vya kale. Huyo akazipokea, akabandika kioo jichoni, akasoma mpaka mwisho. Kisha akamuuliza Dokta, kwa upole, kwao mwaka una wiki ngapi.

Dokta akajibu hamsini na mbili, kama kwa watu wote.

"Basi hizi zimetengenezwa wiki ya sitini na moja. Hebu nusa karatasi."

Dokta akanusa. Majani ya chai.

Alirudi kwa mjane akihema. Aliikuta amplifaya inaimba vizuri mno, kwa sauti aliyoijua kama ya mwanawe wa kumzaa. Akazibwaga zile kuukuu mezani, akahutubia: utapeli huu, mtu mzima hovyo, harusi ya watu itaimbwa na nini, nirudishiwe spika zangu sasa hivi au twende kwa hakimu.

Mjane akamsikiliza mpaka pumzi zikamwishia. Akapunguza sauti ya muziki, akavuta viatu vyake kutoka chini ya kiti, akaanza kuvivaa.

"Twende, mwanangu. Tukifika, wewe ndiye utakayemweleza hakimu hizo ulizifungua kwenye kasha la nani."