Mke Wangu Ananificha Mahali Anapochimba Oshá

Kwako Baba Paroko Celestino,

Naandika mimi, Onofre Maestas, muumini wako wa benchi la nyuma, kwa heshima zote na kwa uchungu. Namshitaki mke wangu Eduvigen. Naomba umwite, umkalishe chini, umwamuru anitajie mahali anapochimba oshá. Mzizi huo unaujua, Baba. Jumapili ya Matawi kikohozi kilipokubana katikati ya mahubiri, ni yeye aliyekuja mbele akakutia kipande mdomoni, ukatafuna huku umekunja uso, ukamaliza misa.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Tumeoana tangu nywele zangu zikiwepo. Lakini kila Septemba, mbegu zikishakomaa, anachukua sururu na gunia anapotelea mlimani, anarudi na udongo kwenye kucha. Nikimuuliza, "Umechimba wapi leo?" ananijibu, "Ardhini." Hilo ni jibu la mke kwa mume?

2. Mwaka jana nilimfuata kwa siri. Alinizungusha kutwa nzima kwenye miiba na mawe, kisha akaketi juu ya gogo akala tortila yake na pilipili, mimi nimejibanza kichakani na njaa yangu. Aliposhiba akapaza sauti: "Onofre, mume wangu, toka humo twende nyumbani. Umeshachoka."

3. Anasema sina kifua. Mimi, ninayekohoa kuanzia Novemba hadi Pasaka! Kisa chake ni korongo la oshá la marehemu mama yangu, ambalo wanunuzi wa mizizi walilichimba likabaki kipara. Kwani mimi nilifanya nini? Niliwatajia jina la korongo, na njia, na pa kuegesha lori, kwa sababu waliuliza kwa adabu. Adabu imekuwa dhambi? Kweli, mama alikufa kwa kifua msimu wa baridi uliofuata, na nyumbani hapakuwa na hata kipande cha oshá. Lakini hayo ni mapenzi ya Mungu, si ya lori.

4. Kabla ya kuchimba anauomba radhi mmea, na akichimba anaacha mingi kuliko anayochukua, ati mingine ni ya dubu. Dubu, Baba! Dubu ana fungu lake, mimi sina. Dubu anapajua mahali, mimi sipajui. Nakuuliza wewe uliyetufungisha ndoa: pale altareni alisimama nani, mimi au dubu?

5. Na sasa kubwa kuliko yote. Amempeleka huko mkwe wetu Kaylee, binti wa Texas asiyejua hata kuchoma pilipili! Walirudi wameshikana mikono, wanacheka. Nikamvizia jikoni nikamuuliza kwa upole. Akaniangalia usoni, akasema kwa Kihispania chake cha kuokoteza: "Ardhini, baba."

Kwa hiyo naomba Eduvigen anyimwe komunyo mpaka aseme. Ukimwogopa, mwandikie Askofu. Askofu naye akimwogopa, Roma ipo.

Nisalimie dada yako anayekupikia, wanakwaya wote, hata yule anayeimba puani, na wagonjwa wa parokia, ambao nasikia wote wanatibiwa na mke wangu.

Mimi, mume asiyeaminiwa bila sababu,
Onofre Maestas

N.B. Baba, futa yote hayo! Eduvigen amenikuta naandika, akanihurumia, akaninong'oneza mahali penyewe. Nimeapa kwa msalaba kwamba sitamwambia mtu. Ni kwenye malisho ya Sixto Trujillo, nyuma ya lango la bluu, pale anapofungiwa fahali. Nimewaambia wale wanunuzi tu, maana walikuwa wanapita na wakauliza kwa adabu. Mmoja ameshatoka, kwa kuruka ua, bila suruali. Mwenzake bado yuko juu ya mti. Eduvigen na Kaylee wamekaa kibarazani wanacheka mpaka machozi yanawatoka, na kila nikiwauliza wanacheka nini, hawaniambii.