Spiriti ya Kusafishia Kaseti

Jumatatu, 1 Julai 1996

Baridi ya leo haina adabu. Nimefunga kibanda changu cha redio mapema. Hakuna aliyeuliza kwa nini.

Lakini siku njema! Kulikuwa na mnada wa vitu vya mwalimu mmoja mzungu anayerudi kwao. Watu waling'ang'ania magodoro na sufuria. Mimi nikachukua mashine ya gemu ya zamani, ile ya kuunganisha na televisheni, pamoja na kaseti zake na vishikio viwili vya kuchezea. Riungu, jirani yangu anayeonyesha video, alicheka mpaka akashika ukuta. Alisema hiyo ni takataka, hata mende hawawezi kuitaka.

Alikosea. Mende walikuwa ndani, ukoo mzima.

Mpango ni huu. Nitaisafisha, nitaifufua, nitaongeza sauti. Mtaa wote wa Makutano utasikia. Watu watahama kutoka kwa Riungu, ambaye kila jioni anajaza chumba hadi mlangoni, na watakuja kwangu. Tangu rafiki yangu Bundi aoe na kuhamia Kibugu kwenye majani chai, hakuna aliyekalia kiti changu cha pili. Huwa naweka kofia hapo, kisionekane kitupu.

Jumanne, 2 Julai

Nimefungua mashine. Nyigu walijenga nyumba ya udongo kwenye swichi! Nimesugua ganda la plastiki kwa sabuni na mswaki. Mswaki ni wangu. Nina mmoja tu. Nitausuuza.

Shida ni kaseti. Meno yake ya shaba yamekuwa meusi, mengine kijani. Kila mtu nchi hii anajua dawa moja tu, kupuliza. Nimepuliza mpaka nikaona nyota. Halafu nikakumbuka kwamba mate ndiyo yanayoleta kutu. Dawa ya kweli ni kifutio cha penseli, kisha spiriti ya hospitali.

Nikaenda kwa duka la dawa. Muuzaji akauliza spiriti ya nini. Nyuma yangu alikuwa amesimama nani? Riungu, na kikohozi chake. Sikutaka ajue mpango. Nikajibu kwa sauti ya chini kwamba ni ya matumizi yangu ya nyumbani, na anipe chupa kubwa. Huo ndio ujanja!

Jumatano, 3 Julai

Nimefanya kazi na mlango umefungwa, dirisha limefungwa. Pamba kwenye njiti ya kiberiti, spiriti kidogo, sugua, geuza, sugua. Meno yanang'aa! Nilifurahi nikaimba tenzi za kanisani zote ninazozijua, na zingine sizijui.

Kichwa kikawa chepesi. Nikatoka kutafuta hewa, nikajikwaa kwa kuku wa mwenye nyumba, nikaanguka. Chupa haikumwagika, niliikumbatia. Riungu alikuwa uani akiniangalia. Nikamwambia ajionee mwenyewe, siku zake zimehesabiwa. Akarudi ndani haraka. Ameogopa.

Jioni nimeiunganisha na televisheni yangu, nimewasha. Mistari tu. Nimeipiga kofi. Mistari ikageuka upande.

Alhamisi, 4 Julai

Wageni! Nilikuwa nimefunika mashine kwa kitambaa cha kufuma, vumbi lisiingie, niliposikia hodi. Mama Makandi, kiongozi wa akina mama wa kanisani, alikuwa mlangoni na kundi lake, thamosi ya chai na beseni la mandazi. Pamoja nao Mwalimu Wawira, yule wa kutoka Embu anayefundisha shule ya msingi hapa chini.

Mama Makandi hakuzunguka. "Ndugu Gikunda, Bwana asifiwe. Tumeambiwa unakunywa spiriti ya chemist. Mtu mzima kama wewe, surely?"

Riungu! Nyoka wa majani!

Nilinyoosha mkono nivute kitambaa niwaonyeshe kazi yenyewe. Lakini tayari chai ilikuwa inamiminwa. Mwalimu Wawira alikuwa ameshika kofia yangu, ameiweka magotini, ameketi kwenye kiti cha pili. Wengine wamejaa kitandani. Chumba kikawa na joto. Wakaimba. Mama mmoja alinishika mkono, na hakuuachilia wimbo mzima.

Nikafikiria haraka. Nikisema ukweli, watakunywa chai waondoke, na hawatarudi. Nikakiacha kitambaa. Nikainamisha kichwa nikasema waniombee, maana nimeanguka vibaya.

Waliniombea mpaka giza likaingia. Sijawahi kuwa na siku nzuri kama hii mwaka huu.

Ijumaa, 5 Julai

Wamerudi! Leo na mukimo, viazi na mahindi vilivyopondwa. Mama Makandi alitwaa chupa yangu akaimwaga uani kwa maombi makali. Kuku wa mwenye nyumba alitoroka, hajaonekana tena. Si neno, spiriti iko nyingi dukani.

Raha kubwa zaidi ni kwamba nyimbo zetu zilizima filamu ya Riungu. Wateja wake walilalamika kwamba hawasikii ngumi zikitua. Alikuja mlangoni kuomba tupunguze. Mama Makandi akamwambia aingie naye aombewe. Alikimbia!

Jumamosi, 6 Julai

Siku mbaya kidogo, ingawa niliiokoa kwa akili.

Mwalimu Wawira alifika mapema, kabla ya wenzake. Kaseti moja ilikuwa imeteleza chini ya kiti. Akaiokota. Akaigeuza, akaangalia meno yake kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Ehe! Fundi, hii umeisafisha ikang'ara." Nikajua nimepatikana.

Kumbe kaka yake Njiru, huko Embu, alipewa mashine kama hii na mapadre. Mwalimu aliniambia walikuwa wakicheza wawili kila likizo, na alikuwa akimshinda kaka yake mpaka kaka analia. Alicheka akizungumza. Vidole gumba vyake vilikuwa vinacheza hewani. Akauliza mashine yenyewe iko wapi, na kama inafanya kazi. "Haki ningecheza hata gemu moja. Hapa Meru sijui mtu wa kucheza naye."

Kitambaa kilikuwa hapo, karibu na kiwiko chake!

Lakini nikapiga hesabu ya haraka. Mashine ikionekana, spiriti ina maelezo. Spiriti ikiwa na maelezo, mimi si mlevi. Nisipokuwa mlevi, hakuna nyimbo, hakuna mukimo, hakuna mtu. Nikamwambia hicho ni kipande cha redio.

Akauliza cha redio gani. Nikasema kubwa.

Aliirudisha mezani polepole. Wenzake walipofika aliwapisha kwenye kiti, yeye akasimama karibu na mlango. Leo hakuimba sana. Nadhani ni koo, baridi hii.

Jumapili, 7 Julai

Nimetoa ushuhuda kanisani. Mama Makandi aliniomba, ningekataaje? Nilipanga maneno machache. Lakini watu walikuwa wengi, wote wananitazama mimi, na wote wanaitikia "Amina." Nikanogewa. Nikasema nilikunywa asubuhi kabla ya chai. Nikasema niliuza shuka zangu. Nikasema niliuza hata redio za wateja. Wakapiga makofi! Mzee mmoja alilia.

Kisha Mama Makandi akatangaza kwamba kwa vile Ndugu Gikunda amepona kabisa, kundi linahamia kwa mgonjwa mwingine, bwana mmoja mnywaji wa chang'aa upande wa pili wa mji.

Amepona? Nani amesema nimepona? Hakuna aliyeniuliza!

Walinipa mkono mmoja mmoja. Mwalimu Wawira naye alinipa, akasema anafurahi kwa ajili yangu. Thamosi imekwenda kwa mtu wa chang'aa. Huyo bwana hata kuimba hajui.

Jumatano, 10 Julai

Hakuna mtu Jumatatu. Hakuna mtu jana.

Au niseme walikuja, wale wenye redio. Walikuja mbio kuchukua redio zao, hata zile ambazo sijatengeneza, wakahesabu nobu zote za kuzungushia mbele yangu. Ushuhuda wangu umefika mpaka Meru mjini. Mwingine alifunga yake kwa leso akaipakata mpaka barabarani.

Lakini sikia! Mashine imewaka! Ilikuwa waya mmoja tu, umetafunwa na mende. Kaseti niliyosafisha vizuri zaidi ndiyo iliyokubali. Kwenye televisheni kuna vijiti viwili vyeupe, kimoja kila upande, na mpira katikati. Kijiti cha kushoto ni changu. Cha kulia kinasimama tu. Nilikifunga mabao mpaka nikachoka.

Nikahamia kiti cha pili, nikachezea kulia. Wa kushoto alisimama tu.

Nimeongeza sauti hadi mwisho. Nje walipita watu wakielekea kwa Riungu. Nina upweke. Neno hilo nimeliandika, sasa limeandikwa, tuendelee.

Alhamisi, 11 Julai

USHINDI!

Jioni nilikuwa nacheza kushoto. Hodi. Nikapunguza sauti. Ilikuwa sauti ya Mwalimu Wawira, peke yake. Alisema kupitia mlangoni kwamba hajaja kwa maombi. Jana alipita njia akasikia mlio ambao hawezi kuusahau, ule wa mashine ya kaka yake. "Fundi, niko na njugu. Kama hiyo redio yako kubwa ina nafasi ya mtu wa pili, nimekuja tu kucheza."

Nilisimama nyuma ya mlango. Mkono mmoja ulikuwa tayari kwenye komeo, naapa.

Lakini mtu lazima atumie kichwa. Nikifungua hivi hivi, nitakuwa na mgeni mmoja. Nikianguka tena, nitakuwa na kanisa zima! Na nani hurudishwa kwa shangwe kuliko aliyeanguka mara ya pili? Nikazima mashine, nikaifunika kitambaa, nikajimwagia spiriti ya chupa mpya shatini, nyingine kichwani, nikafungua mlango huku nikiyumba. Niliyumba vizuri sana.

Alitazama shati langu lililolowa. Akatazama kitambaa. Kisha akatazama chini, akasema, "Pole, Fundi. Pole sana." Akaniambia ataenda kumwambia Mama Makandi, kwa sababu hajui afanye nini kingine. Akaondoka bila kugeuka.

Kwa hiyo watarudi wote! Nimefagia, nimeazima benchi kwa Riungu, nimejizoeza kilio mbele ya kioo. Kitambaa nimekifunga kwa kamba, asije mtu akakivuta.

Mwalimu ameacha njugu zake mlangoni, pakiti mbili. Hazitatosha watu wote hao, lakini nitazigawa.