Ombi la Kunyimwa Soju Dukani Kwako

Bi Eum Hyang-suk,
Nyumba 1203, Jengo la 104,
Daegu.

Kwa Bwana Tak,
Mwenye duka la saa ishirini na nne,
Chini ya Jengo la 104.

Mheshimiwa Bwana Tak,

YAH: KUUZIWA POMBE BILA KUULIZWA CHOCHOTE

Natumaini barua hii itakukuta mzima na biashara ikiwa motomoto, maana leo ni mkesha wa sikukuu ya Chuseok na najua soju haikai rafuni. Mimi ni mteja wako wa miaka mingi na sijawahi kulalamika, hata ulipoacha kuleta yale mayai ya kuchemsha niliyoyapenda. Leo nalalamika.

Mlangoni kwako pana tangazo lisemalo kuwa duka haliwauzii pombe walio chini ya umri, na kwamba yeyote anayeonekana kijana ataombwa kitambulisho. Tangazo hilo naliunga mkono kwa moyo wote. Watoto wasinywe. Ila halitekelezwi kwa haki, na anayeonewa ni mimi, kama ifuatavyo:

1. Mwezi wa tano mke wa shemeji yangu, Pyo Mi-ran, alikuja kwetu kumsherehekea mama mkwe. Akashuka dukani kwako kununua bia. Alirudi mbio, kitambulisho bado kimo mkononi, akikipunga kama bendera. "Dada mkubwa! Nimeombwa kitambulisho! Eti wamenidhania mwanafunzi! Jamani, uso wangu niuweke wapi?" Akauweka mbele ya kila mtu sebuleni, mmoja baada ya mwingine. Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa na kimchi. Sasa, Bwana Tak, elewa jambo moja. Mi-ran ananiita dada mkubwa kwa sababu mimi nimeolewa na kaka mtu na yeye ameolewa na mdogo mtu. Kwa miaka, yeye ana hamsini na sita. Mimi nina hamsini na nne.

2. Kesho yake nilishuka, nikachukua chupa moja ya soju, nikaiweka kaunta na kusubiri. Kijana wako wa jioni akaniuliza, "Mama, utataka mfuko?" Basi. Nikaendelea kusimama, labda atakumbuka. Akasema, "Mama, nikusaidie kubeba?" Chupa moja! Imeniuma, nasema wazi, na mpaka leo inaniuma.

3. Nikajiambia, pengine Mi-ran alibebwa na mavazi, maana siku ile alikuwa na barakoa na kofia. Nikavaa barakoa na kofia. Nikaongeza jaketi la michezo la binti yangu la enzi zake za sekondari, lenye jina la shule mgongoni, nikaning'iniza begi bega moja, nikatafuna chingamu. Kijana wako akainama kwa adabu. "Pole, mama. Baridi imekuingia?" Ilikuwa mwezi wa saba, Bwana Tak, hapa hapa Daegu, ambapo mwezi wa saba hata lami hutokwa jasho.

4. Hili ni la usalama, nalisema kwa kukutakia mema. Sote tumesikia kuhusu watoto wa siku hizi wanaojigeuza vibibi ili wauziwe pombe. Sasa mtoto mhalifu kama huyo angevaaje? Angevaa fulana ya maua, kofia ya jua yenye ukingo mpana na nywele fupi zilizoviringishwa kwa dawa. Huyo ni mimi kuanzia utosini! Kadiri ninavyoonekana mtu mzima, ndivyo kijana wako alivyopaswa kunitilia shaka. Yeye ananiuzia huku anapiga miayo. Leseni yako iko hatarini, na anayeiokoa ni mimi, kwa sababu tu mimi si mtoto.

5. Umri wa mwanamke ni siri yake. Ninaposimama kwenye foleni na nisiulizwe, wote walio nyuma yangu wanapata jibu bila mimi kufungua kinywa. Kwa maneno mengine, duka lako linatangaza umri wangu kila ninapopata kiu.

Leo saa kumi jioni Mi-ran anakuja tukaange pamoja vitafunio vya sikukuu. Hadithi ya kitambulisho ataisimulia tena. Ameshaituma hata kwenye kundi la familia, pamoja na kikatuni kinachocheza. Kwa hiyo naomba yafuatayo. Nitashuka naye. Kuombwa kitambulisho peke yake hakutoshi tena, tumeshavuka hapo. Naomba ninyimwe kabisa. Kijana wako aseme kwa sauti ya kufika kwenye friji za nyuma: "Binti, rudi nyumbani ukamlete mzazi." Nitainamisha kichwa na kuondoka kwa aibu ya kiasi. Mi-ran auziwe harakaharaka, na aulizwe kama abebewe.

Nisalimie mkeo, mama yako, na yule paka anayelala kwenye maboksi ya tambi. Kijana wa jioni usimsalimie.

Mimi mteja wako mchanga,
Eum Hyang-suk

N.B. Nilishuka saa sita kuileta barua hii, sikukukuta. Kwa kuwa nilikuwa nimeshafika, nikachukua pombe ya mchele ya kuwamiminia wazee wetu waliotangulia. Kaunta palikuwa na binti mgeni, kazi kaianza leo. Akanitazama, akasema, "Naomba kitambulisho."

Bwana Tak, kitambulisho kilikuwa nyumbani, sufuria ilikuwa motoni, na marehemu baba mkwe hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa kusubirishwa. Nikawaka. "Mwanangu, huna macho? Tazama nywele hizi! Tazama magoti haya! Nimezaa mtu mkubwa kuliko wewe!" Nikavua kofia, nikainama juu ya kaunta, nikamwonyesha mvi kwenye mizizi. Nikaigeukia foleni niombe shahidi.

Aliyejitokeza alikuwa Mi-ran, kawahi kuja, kabeba katoni ya mapeasi. "Muuzie tu, mwanangu," alisema. "Huyu ni mtu mzima hasa. Namjua siku nyingi. Huyu ni dada yangu mkubwa."

Nikamshika mikono yote miwili, nikamshukuru mbele ya watu.

Nilikuwa nimeshafika kwenye lifti ndipo nikaelewa nilichoulizwa. Nikarudi mbio na chupa yangu, nikamwambia yule binti, "Hebu niulize tena."

Akainama kwa adabu kubwa. "Hapana, mama. Sasa naona."