Mke wa Septemba

Jumanne, 3 Septemba
Nimempiga bao shemeji! Kaka huyu wa mke wangu anaandika programu kama mimi, ila mwoga. Lugha yetu ya kompyuta imetoa toleo jipya, naye ananishauri nilipime kwanza pembeni. Nimesasisha kila kitu kwa mkupuo, hata kile kiprogramu changu cha siri kinachomtumia mke wangu ujumbe wa mapenzi kila tarehe yetu ya ndoa, 9/4, yaani tisa Aprili. Miaka sita hajashtuka. Anadhani nina kumbukumbu ya ajabu.

Jumatano, 4 Septemba
Balaa! Alfajiri simu yake imelia: heri ya siku yetu ya ndoa, kipenzi. Akaniuliza, taratibu sana, huyo niliyemuoa Septemba ni nani. Nikacheka. Kosa! Amehamia chumba cha mtoto na mto wake.
Nimegundua mchawi: toleo jipya linatanguliza mwezi, kisha siku. Kwake leo ndiyo 9/4. Nikisema ukweli, kwaheri kumbukumbu ya ajabu. Nisiposema, nina mke wa pili ambaye hata mimi simjui.

Alhamisi, 5 Septemba
Nimemtuma shemeji aseme ni hitilafu ya mtandao. Msaliti! Amemwaga yote, mpaka kiprogramu. Mke wangu hakufoka. Alisema tu kwamba heri angekuwepo huyo mwanamke, maana mashine huwezi hata kuionea wivu. Iliniuma. Nikaenda kuosha vyombo, nikalia kidogo.

Ijumaa, 6 Septemba
Ametaka kuona. Nikamfungulia. Jumbe hamsini, mmoja kwa kila mwaka, zote nilizoandika wiki ile tulipooana. Akauliza maneno ni ya nani. Yangu, nikamwambia, mashine ni tarishi tu. Akashuka hadi ule wa mwaka wa hamsini: “Bado upo? Nami nipo. Sogea, sisikii vizuri.”
Akasogea. Nampenda huyu mwanamke, basi. Ameomba kitu kimoja tu: kuanzia leo nimwambie kwa mdomo wangu, kila jioni.

Jumapili, 8 Septemba
Juzi nilimwambia. Jana pia. Kazi nzito, jasho lilinitoka! Leo nimepata dawa. Nimerekodi maneno matamu ya mwaka mzima na kuficha spika nyuma ya kabati. Saa moja jioni itajisemea yenyewe, mimi nachezesha midomo. Sauti yangu, mdomo wangu. Alitaka nini kingine?